Jina na Mdudu Asiyetambulika: Mfano wa Ufipa

Mnamo mwaka 1950 mdudu mmoja asiye na mabawa aliokotwa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanganyika ya siku hizo, akahifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini London. Alikaa humo nusu karne bila ya kuainishwa. Mtaalamu wa Kijerumani, Oliver Zompro, aliyekuwa akichunguza mdudu wa kale aliyenaswa katika kaharabu ya Baltiki, ndiye aliyetambua kuwa wawili hao ni jamaa moja. Mwaka 2002 yeye na wenzake walitangaza oda mpya ya wadudu, jambo ambalo halikuwa limetukia kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka huo huo wadudu hai wa oda hiyo walipatikana katika mlima Brandberg, Namibia.

Utambuzi wenyewe ulikwenda kwa njia ya kukanusha. Hakuwa panzi, maana miguu yake ya nyuma haikuumbwa kwa kuruka. Hakuwa miongoni mwa wadudu wafananao na vijiti, kwani hao hula majani, naye ana miiba ya kukamatia windo. Wala hakuwa vunjajungu: vunjajungu hukamata kwa miguu ya mbele peke yake, ilhali huyu hutumia na ya kati. Tena atembeapo huinua ncha za nyayo.

Hata hivyo alipewa jina Mantophasmatodea, lililoungwa kwa majina ya wale wawili aliokanushwa kuwa si wao! Uchunguzi wa jeni uliofuata umemweka karibu zaidi na wadudu watambaao penye barafu. Basi mwundaji wa istilahi atakayefasiri jina hilo neno kwa neno, aseme labda "vunjajungu-kijiti", atakuwa amehamisha kosa pamoja na jina. Kiswahili chenyewe hakitaji wadudu kwa nasaba: vunjajungu ameitwa hivyo kwa imani kwamba amgusaye atavunja chombo, na nzige hutengwa na panzi kwa tabia ya kwenda makundi. Kwa kawaida hiyo, "kiinuanyayo" lingefaa zaidi.

Lakini kabla ya kuunda, yafaa Wafipa waulizwe, tena kwa kuonyeshwa mdudu mwenyewe au picha yake. Mwulizaji atakayeanza kwa kusema "mdudu kama panzi" atajibiwa jina la panzi.