Mbao za Milango ya Motokaa za Zamani: Adui ni Maji

Njia kuu itokayo Nairobi kwenda Malaba, ikiisha kupita mji wa Nakuru, hufika Salgaa, mahali panapojulikana sana na madereva wa malori. Hapo hula, hulala, na hukagua magurudumu kabla ya kuendelea na safari ya Eldoret au Uganda. Katikati ya malori hayo huonekana mara moja moja motokaa ya umri mkubwa: pengine Peugeot 404, pengine Volkswagen yenye mgongo wa mviringo. Kwa nje huwa imepakwa rangi mpya, nayo yang'aa. Lakini mlango ukifunguliwa, aibu hutoka: ubao wa ndani umevimba upande wa chini kama mkate uliochovywa katika chai, ngozi yake ya bandia imebanduka, na vibanio vyake vyaning'inia bila kushika kitu.

Wenye motokaa wengi hudhani ya kuwa ubao huo umeoza kwa sababu ya uzee tu. Basi humwendea fundi, naye hukata ubao mwingine na kuutia mahali pake. Mvua za masika mbili tatu zikipita, ubao mpya nao huvimba. Fundi hulaumiwa, ubao hulaumiwa, lakini mwenye kosa hasa hajaguswa.

Yafaa kwanza kujua mbao hizi ni kitu gani. Si mbao zilizopasuliwa kutoka katika gogo. Ni nyuzi za mti, au karatasi nzito, zilizoshindiliwa kwa nguvu mpaka zikawa kipande kimoja chembamba, chepesi na cha bei nafuu. Hadibodi iliyo maarufu kupita zote ilibuniwa mwaka 1924 na Mmarekani William H. Mason katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi. Yeye alitia vipande vya mti katika mvuke wenye nguvu nyingi, akaufungulia ghafula mvuke huo hata vipande vikapasuka kuwa nyuzi, kisha nyuzi zikashindiliwa kwa moto. Watengenezaji wa motokaa walipendezwa na mbao za namna hii, kwa kuwa huweza kukatwa kwa umbo lolote na kuvikwa ngozi ya bandia. Ila zina udhaifu mmoja: nyuzi zikipata maji hufutuka, na zikiisha kufutuka hazirudi zenyewe.

Jambo hili ni la ajabu kidogo kwa wale wakumbukao mashindano ya Safari. Peugeot 404 ilishinda katika mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Na katika mwaka 1963 na 1968 matope yalikuwa makali hata zikamaliza motokaa saba tu kila mara. Motokaa iliyoyashinda matope ya namna hiyo, leo ubao wake wa mlango hushindwa na maji yasiyojaza kikombe!

Maji hayo huingiaje? Hapa ndipo wengi wakosapo. Mlango wa motokaa haukufanywa usiingize maji kabisa. Mvua inyeshapo, maji huteremka juu ya kioo, mengine hupenya kando ya mpira na kuanguka ndani ya mlango. Aliyeutengeneza alijua hivyo, ndiyo sababu alitoboa matundu madogo chini ya mlango ili maji yatoke. Tena kati ya chuma na ubao aliweka karatasi yenye nta, au nailoni, ili ubao usiguswe na unyevu. Katika Bonde la Ufa, vumbi la kiangazi hujaa katika matundu hayo, na mvua ya kwanza huligeuza kuwa udongo mgumu. Maji yakikosa pa kutokea hukaa. Na ile karatasi, mara nyingi ilichanwa zamani na fundi aliyekuwa akitengeneza kitasa, asione haja ya kuirudisha.

Kwa hiyo kazi huanza ndani ya mlango. Mpini wa kushushia kioo ukiisha kutolewa, ubao usivutwe kwa pembe yake. Hiyo ndiyo njia ya kuuvunja. Bamba jembamba lipitishwe nyuma ya ubao mpaka karibu na kila kibanio, nacho kiinuliwe polepole. Kisha matundu ya chini yazibuliwe kwa waya, kutu ikwanguliwe na chuma kipakwe rangi, na mpira wa kioo uliokatika ubadilishwe. Nailoni mpya igandishwe kuuzunguka mlango wote, lakini ncha yake ya chini iingizwe ndani ya chuma, ili maji yateremkayo juu yake yarudi mlangoni wala yasimwagike nyuma ya ubao.

Sasa ubao wenyewe. Usianikwe juani, kwa maana upande mmoja utatangulia kukauka na ubao utapinda kuliko kwanza. Ulazwe kivulini kati ya mbao mbili zilizonyoka, wenye karatasi juu na chini, ukagandamizwe kwa mawe kwa siku kadhaa, na karatasi zibadilishwe zilowapo. Palipoachana tabaka, gundi ya mbao ipenyezwe ndani kwa kisu chembamba, kisha pabanwe mpaka pakauke. Tundu la kibanio lililoraruka litiwe kiraka cha ubao mwembamba kwa nyuma, na tundu jipya litobolewe papo hapo palipokuwa la zamani.

Baada ya hayo ubao upakwe vanishi pande zote mbili, na kingo zake zipakwe mara mbili au tatu, kwa kuwa maji huingia kwa ukingoni kwanza. Kupaka upande mmoja tu ni kuualika ubao upinde. Ngozi ya zamani, kama haikupasuka, yafaa kurudishwa. Mistari yake ilichapwa kwa mashine yenye joto, na si rahisi kwa fundi kuiiga. Gundi kali itumikayo kwa ngozi itumiwe mahali penye hewa, mbali na jiko.

Ubao uliokwisha kuwa unga hauna budi kubadilishwa, lakini hata huo usitupwe upesi, kwa sababu ndio kipimo cha kukatia mpya. Unene upimwe mahali ambapo haukuvimba; mara nyingi ni kama milimita 3. Mafundi wengine hupenda plaiwudi nene kwa ajili ya nguvu yake. Matokeo yake vibanio havifiki katika chuma, na mpini wa kioo husugua ngozi hata ikatoboka. Wengine huongeza skurubu ndefu, na siku kioo kishushwapo hukutana nazo.

Kabla ubao haujarudishwa, mtu mmoja amwagie kioo ndoo nzima ya maji, na mwingine aketi ndani akitazama nailoni. Maji yakionekana yakitoka kwa matundu ya chini, na sakafu ikabaki kavu, vibanio na vigongwe.