Dhamana si Kuachiliwa Huru

Jirani aliyeshtakiwa kwa mauaji akionekana tena sokoni Keroka, wengi husema kesi imeuzwa. Sivyo. Zamani makosa ya mauaji, uhaini na wizi wa mabavu hayakuwa na dhamana. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, ilibadilisha hayo: mshtakiwa ana haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia.

Upande wa mashtaka ndio huonyesha sababu hizo: kwamba atatoroka, atatisha mashahidi, au maisha yake mwenyewe yamo hatarini kijijini. Hiyo ya mwisho si ya mzaha Gusii, ambako washukiwa wa uchawi wamewahi kuuawa na umati.

Mara nyingi Mahakama Kuu huagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye huzungumza na chifu, jamaa za mshtakiwa na za marehemu. Familia yenye hofu iseme hapo, isingoje kulalamika njiani. Na shahidi akitishwa baadaye, apige ripoti polisi mara moja; dhamana yaweza kufutwa.

Pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa alihudhuria. Akitoroka, mdhamini aliyeweka hati ya shamba anaweza kulipoteza.