Pampu ya Maji ya Moto Ingurumapo
Nyumba nyingi nchini Uingereza hupashwa joto kwa maji: boila huyapasha moto, nayo pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta za chuma zilizo ukutani. Pampu hiyo ikianza kunguruma usiku wa baridi kali, aghalabu mwenye nyumba huidhania imekufa, akaagiza nyingine. Haraka hiyo humtia hasara, kwani kila sauti ina chanzo chake.

Mbubujiko, mithili ya mtungi unaojazwa, huashiria hewa iliyonaswa. Mtambo huzimwa na kuachwa upoe, kisha hewa hutolewa kwa skrubu ndogo iliyo juu ya kila rejeta. Mvumo wa maji yaendayo mbio hutokana na pampu kuwekwa kasi mno. Pampu nyingi za zamani zina ngazi 3, na kushusha moja huweza kutosha.

Muungurumo ambao maji hayasongi, hasa baada ya pampu kulala kiangazi kizima, huonyesha mhimili umekwama. Hapa la kushukiwa kwanza ni tope jeusi, yaani kutu ya rejeta zenyewe. Maji yasiposafishwa na kutiwa dawa ya kuzuia kutu, hata pampu mpya haitadumu. Chuma kikisaga chuma, beringi zimelika. Hiyo ndiyo ya kubadilishwa.

Kifuniko cha boila ya gesi, hata hivyo, huachiwa fundi aliyesajiliwa. Tangu 2009 sajili hiyo huitwa Gas Safe Register. Boila iliyoharibika huweza kutoa kabonimonoksidi, gesi iuayo isiyo na rangi wala harufu, na isiyotoa sauti yoyote.