Kompyuta ya Simuleta ya Ndege Mjini Goma

Simuleta ya ndege huielemea zaidi prosesa ya kompyuta. Programu hukokotoa bila kukoma upepo, injini na mwenendo wa mabawa, na sehemu kubwa ya hesabu hizo hupita kwenye kiini kimoja tu. Kwa hiyo viini sita vyenye kasi hufaa kuliko kumi na sita vya polepole. Kumbukumbu ya akiba iliyomo ndani ya prosesa nayo husaidia sana: Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, yenye megabaiti 96 za akiba hiyo, ilijipatia jina kwa wapenzi wa simuleta. RAM ya gigabaiti 32 inatosha. Kadi ya grafiki hufuata skrini. Skrini moja hutosheka na kadi ya wastani, tatu zinazozunguka kiti cha rubani huhitaji kubwa. Fremu 30 kwa sekunde zisizoyumba zatosha kutua. Kutafuta 100 ni anasa.

Intaneti huamua programu. Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kutoka mtandaoni ndege ikiwa angani, na toleo la 2020 lilipendekeza megabiti 20 kwa sekunde. X-Plane 12 hupakua mandhari ya eneo mara moja, yakabaki kwenye diski. Kwa anayenunua intaneti kwa gigabaiti, hii ya pili ndiyo ya busara, pamoja na SSD ya terabaiti moja.

Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi na huipoza kompyuta kidogo kuliko ya pwani. Vumbi jeusi la lava nalo huziba feni, hivyo kasha lenye vichujio vinavyotoka na kuoshwa halina mbadala.

Umeme ndio mtihani mkubwa: ukikatika, betri ndiyo hushika zamu. Kompyuta na skrini vinavyokula wati 450 humaliza nusu salama ya betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 600, kwa saa moja na ushei. Safari ya Kinshasa, takriban kilomita 1,560, huchukua jeti saa mbili. Umeme ukikatika mwanzoni, betri hufa kabla ya kutua. Kadi inayokula wati 120 badala ya 300 huifikisha ndege hiyo, hata kama mawingu yatapungua uzuri.