Springi Haina Kosa: Kinachokwamisha Risasi za .22

Miongoni mwa Wamarekani wanaomiliki bunduki ndogo za .22, zile za kuwindia sungura na kujifunzia shabaha, kuna imani iliyoota mizizi: magazini ikiachwa imejaa kwa miezi, springi yake huchoka, na siku ya kuitumia risasi zitakwama. Ndiyo maana wengi hutoa risasi zote kila wanaporudi nyumbani, kisha huzipanga upya safari inayofuata. Ni kazi ya bure, na wakati mwingine ina madhara.

Mwaka 1678 mwanasayansi wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni inayofundishwa shuleni hadi leo: springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoisukuma, na ikiachiwa hurudi ilivyokuwa, mradi haijavuka kikomo cha unyumbufu wake. Ndani ya kikomo hicho atomi za chuma husogea kidogo tu, kisha hurejea mahali pake. Kikivukwa, matabaka ya fuwele huteleza moja juu ya jingine na umbo jipya hubaki. Springi ya magazini iliyotengenezwa vizuri haifiki huko hata magazini ikijaa. Hulegea kidogo inapobanwa mwanzoni, halafu kulegea huko hupungua mno. Ndiyo sababu viwanda vingi hubana springi makusudi kabla ya kuziuza, ili hatua hiyo ipite mapema.

Kinachoiumiza springi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi, tena na tena. Hata hapo ustahimilivu wake ni mkubwa. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila springi ya valvu hubanwa mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 90,000 kwa saa. Gari lenye injini hiyo likiegeshwa miezi sita, baadhi ya valvu hubaki zimefunguka na springi zake zimebanwa muda wote huo, lakini fundi anayekuja kuliwasha hutazama betri na mafuta kwanza. Springi ya magazini ya .22 ina mzigo mwepesi zaidi: risasi kumi nzima hazifiki gramu 40.

Basi kama si springi, kosa liko wapi? Liko kwenye risasi yenyewe, ambayo umbo lake ni la karne ya 19. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ya kwanza ya aina hii mwaka 1845. Smith & Wesson wakaleta .22 fupi mwaka 1857, na kampuni ya J. Stevens ikaikamilisha mwaka 1887 kwa ile ndefu inayotumika mpaka sasa. Ganda lake ni la shaba nyembamba, na kitako chake kimekunjwa kikawa ukingo uliotokeza nje. Ndani ya ukingo huo ndimo inamokaa kemikali ya kuwashia baruti, kwa hiyo ukingo hauwezi kuondolewa. Ganda lina upana wa milimita 5.7, ukingo unakaribia milimita 7.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo mama wa matatizo. Risasi zikipangwa moja juu ya nyingine, ukingo wa ile ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukiwa nyuma, bolti inapoisukuma risasi ya juu, kingo hushikana na zote mbili hugoma. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliobeba bunduki za Lee-Enfield walitumia risasi za .303, nazo zina ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo upangaji wa risasi haukuwa jambo la kupuuzwa. Warusi, katika bunduki yao ya mwaka 1891, waliweka kipande cha chuma kinachoizuia risasi ya pili mpaka ya kwanza imeingia.

Jibu zuri zaidi kwa .22, na linastahili sifa, lilikuja mwaka 1964 na bunduki ya Ruger 10/22. William Ruger na Harry Sefried waliacha kupanga risasi kwa rundo. Magazini yao ina rota inayozungushwa na springi ya kujipinda, na kila moja ya risasi kumi hulala katika mfereji wake. Kingo hazipati nafasi ya kushikana. Magazini ndefu za risasi 25 zimerudi kwenye rundo, na zimepindwa kama mundu kwa sababu kingo zilizopangana hufanya rundo lijikunje. Hizo ndizo zinazohitaji kutazamwa upya baada ya kujazwa: kila risasi ikae sawa, na mgongo wa magazini ugongwe kidogo kwenye kiganja ili zote zirudi nyuma.

Sehemu inayoweza kuharibika kweli kwa kukaa imejaa ni midomo ya magazini, ile miwili inayoizuia risasi ya juu isiruke. Ya chuma haina shida. Ya plastiki hupanuka polepole chini ya msukumo wa kudumu, kwa kuwa molekuli ndefu za plastiki huteleza hata nguvu ikiwa ndogo, na joto huharakisha mwendo huo. Magazini iliyosahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani huathirika mara mbili, maana nta inayopakwa kwenye kichwa cha risasi nayo hulainika, hunasa vumbi na kugandisha rota.

Baridi nayo ina matata yake. Wanamichezo wa bayathloni, wanaotumia .22 tangu mwaka 1978, hubeba magazini za risasi tano tano zilizojazwa kabla ya mbio. Wanateleza kwenye theluji, kisha wanalenga shabaha ya milimita 45 kutoka mita 50. Theluji ikiingia kwenye magazini na kuganda, risasi haipandi.

Kichwa cha risasi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni laini na yana adui asiyetarajiwa. Wahifadhi wa makumbusho wanajua kwamba mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, na vitu vya madini hayo vikikaa kwenye droo zake hufanya unga mweupe. Mifuko ya ngozi huipa shaba kutu ya kijani. Mafuta ya kusafishia bunduki, yakimwagwa kwa wingi ndani ya magazini, yanaweza kupenya kati ya ganda na kichwa na kuiua kemikali ya kuwashia. Hapa ndipo kutoa na kurudisha risasi kila siku kunapodhuru: kichwa kisichobanwa sana hulegea, huchubuka, hupoteza nta, na risasi iliyochubuka huingia kwenye mtutu kwa shida.

Mahali panapofaa kuhifadhi risasi ni kisanduku cha chuma au cha plastiki, kikavu, chenye kufuli, kilicho mbali na bunduki na mbali na mikono ya watoto. Risasi zilizokaa muda mrefu zitangulie kutumika kwenye uwanja wa shabaha. Magazini ikiisha risasi, ifunguliwe, rota na midomo vifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha ijazwe tena.