Vifaa vya ateliye: bei ya chini inaanzia kwenye daftari

Ilikuwa siku ya soko, wakati wa mavuno ya mahindi, tulipofika kwenye koperative moja ya milima ya Lubero. Kwa kawaida, siku kama ile, mashini ya kusaga inasikika toka mbali, hata mbele ya kuona mabati ya nyumba yake. Siku ile kulikuwa kimya. Wamama walikuwa wamekaa inje na mabeseni yao. Wengine walikwisha kubeba mahindi kichwani kuelekea mashini ya mtu binafsi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu.

Kilichokatika ni kurwa, ule mkanda wa mpira unaotoa nguvu kwenye moteri na kuipeleka kwenye mashini. Kitu kimoja tu, chepesi, kinachoingia ndani ya mfuko. Fundi alitwambia: "Hii ni ya tatu tangu mavuno ianze." Mara ya kwanza walituma kijana na pikipiki mpaka Butembo, akarudi na kurwa ndefu kupita kipimo. Wakavuta moteri nyuma ili ikaze, lakini iliteleza, ikaungua. Ya pili ilikuwa nyembamba, ikazama ndani ya puli. Ya tatu ilikaa vizuri, lakini ilikuwa na mipasuko ya zamani, na baada ya siku chache ikakatika.

Mama prezida alifungua daftari akatuhesabia: kurwa 3, safari 3 za pikipiki, siku 6 bila kusaga. "Kila mara tulimwambia kijana: leta ya bei ya chini," alisema. "Na kila mara alileta ya bei ya chini."

Tulikaa nao siku mbili kutafuta namna ya kutoka katika shida hii. Tunaandika hapa yale tuliyoyaona pamoja, kwa sababu koperative nyingi tunazotembelea ziko na shida ileile: kwa kurwa, rulema, bageti za kuunganishia vyuma, diski za kukatia, mafuta ya moteri na filtre.

Kwanza, jueni jina la kitu

Muuzaji wa mjini hawezi kujua mashini yenu. Ukimwambia "kurwa ya mashini ya kusaga", atakupatia ile iko nayo. Lakini vitu vingi vya ateliye vinabeba namba, na ile namba njo jina lake.

Kurwa: tafuteni herufi na namba juu ya mgongo wake, kwa mfano B52. Herufi inaonyesha upana wa upande wa juu: A ni milimita 13, B ni 17, C ni 22. Namba inaonyesha urefu wa upande wa ndani, kwa inchi. Kama maandishi yamefutika, msitupe kurwa iliyokatika. Inyoosheni chini, pimeni upande wa ndani, ule mwembamba, kwa sentimita, halafu mgawanye kwa 2.54. Sentimita 132 inatoa 52. Kurwa ya zamani huwa imevutika kidogo. Kwa hiyo muichukue pia wakati wa kununua, mulinganishe. Kama puli inabeba kurwa mbili, mubadilishe zote mbili kwa siku moja, la sivyo ile mpya itabeba mzigo wote peke yake.

Rulema: namba iko kwenye ukingo. 6204 inaingia kwenye ekseli ya milimita 20, 6205 kwenye 25, 6206 kwenye 30. Mnachukua namba mbili za mwisho na kuzidisha kwa 5. Kama mwishoni kumeandikwa 2RS, imefunikwa kwa mpira pande mbili, na hiyo inafaa mahali penye vumbi la unga.

Bageti: unene wa milimita 2.5 unafaa kwa vyuma vyembamba, 3.2 kwa vyuma vinene kidogo. Mwambieni fundi achague mbele ya safari.

Fundi wa koperative ile aliandika namba zote kwa rangi nyeupe juu ya ukuta wa ateliye. Ilimchukua asubuhi moja.

Pili, jueni vinaisha kwa muda gani

Tulipouliza wanatumia bageti ngapi kwa mwezi, kila mtu alijibu namba yake. Kama hamjui mnatumia ngapi, mtanunua moja moja, siku ya shida, kwa bei ya yule aliye karibu. Kwa hiyo tulichora daftari yenye mistari minne: tarehe, kitu, kiasi kilichotoka, kazi iliyofanywa nacho. Anayetoa anatia sahihi.

Kisha mgawanye vitu kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vinavyoisha kila mara: mafuta, graisi, bageti, diski. Fungu la pili ni vile ambavyo vikikosekana, kazi yote inasimama: kurwa, rulema, filtre. Vya fungu la pili lazima viwe ndani ya ateliye, ya akiba, hata kama ni kimoja kimoja.

Tatu, pandeni ngazi ya wauzaji

Bidhaa nyingi za namna hii zinafika Butembo kwa makontena yanayotoka bandari ya Mombasa, yanapita Uganda na kuingia kwa Kasindi. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa kuagiza wenyewe toka China na Dubai. Toka depo ya mwenye kontena, kitu kinaenda kwa muuzaji wa jumla kidogo, halafu dukani, halafu kwenye kibanda cha senta yenu. Kila mkono unaongeza chake, na ni haki yake. Lakini bageti mnayonunua moja moja kwenye kibanda ilitoka ndani ya paketi ya kilo 5 yenye vijiti zaidi ya 100.

Koperative moja pekee mara nyingi haiwezi kumaliza paketi nyingi wala kununua katoni ya kurwa. Tatu zinaweza. Tena si koperative peke yake zinazotumia vitu hivi: kuna garaji za pikipiki, ateliye za parokia, shule za ufundi. Waulizeni wananunua wapi, na kama wangependa kugawana paketi.

Mbele ya kulipa, ombeni fakture proforma kwa maduka matatu, kwa kitu kilekile na namba ileile. Bila namba, mnalinganisha maembe na viazi.

Nne, bei ya chini inayokula

Si kila kitu cha bei ndogo ni kibaya, na si kila cha bei kubwa ni kizuri. Angalieni wenyewe:

– Kurwa isiyo na maandishi, ao inayoonyesha mipasuko ukiikunja, muiache.
– Rulema muizungushe kwa kidole. Ikikwaruza, hapana.
– Bageti ambayo unga wake unabomoka ao umelowa haitashika vizuri. Nyumbani, mziweke pakavu, mbali na sakafu.
– Diski ya kukatia mara nyingi ina mwezi na mwaka wa mwisho kwenye pete ya chuma ya katikati. Ikipita, ao ikilowa, ao ikipasuka, musiifunge. Diski ikivunjika katika mwendo, inatoboa jicho. Muangalie pia mwendo ulioandikwa juu yake: lazima usiwe chini ya ule wa mashini.
– Bido ya mafuta ambayo kifuniko chake kimefunguliwa na kufungwa tena, muiache. Mafuta yaliyokwisha kutumika hayarudi ndani ya moteri, hata yakichujwa kwa kitambaa.

Na kuna vitu ambavyo hamna haja ya kununua haraka. Nyundo za ndani ya mashini ya kusaga, kona yake moja ikiisha, zinageuzwa ili kona nyingine ifanye kazi. Fundi mzuri anaweza pia kutengeneza mpya kwa chuma cha resori ya kamyo. Lakini apime uzito: nyundo zinazotazamana lazima ziwe sawa, kama sivyo mashini inatetemeka na rulema zinakufa.

Tano, neno gumu: feza na uaminifu

Jioni ya pili tulikaa katika mkutano na wajumbe wa koperative mbili za jirani. Juu ya namba na maduka, wote walikubaliana upesi. Juu ya feza, kimya kilirudi. Mzee mmoja alisimama: "Mulishasahau? Tulichangaka mara moja juu ya mbegu. Mbegu hatukuiona, na feza hatukuiona." Hakuna aliyembisha.

Hatukuwaambia waaminiane tu. Waliweka kanuni, na Mzee yule njo aliyezisukuma. Kila koperative inatuma mtu wake mmoja, na hao watatu wanakwenda pamoja. Kila mmoja anashika feza ya kwao mpaka mbele ya kesiye wa duka. Fakture inatoka kwa kopi tatu. Vitu vinagawanywa siku ileile vinapofika, mbele ya watu, hakuna depo ya kulinda. Usafiri unagawanywa sawa. Na kwa kila beseni linalosagwa, sehemu ndogo inaingia kwenye sanduku la vifaa, ambalo haliguswi kwa kazi nyingine. Wengine walipendelea feza hiyo igawanywe kwa wanachama. Mama prezida aliuliza tu: "Zile siku sita, nani alitugawia nini?"

Sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2012, inaruhusu koperative mbili ao zaidi kuunda muungano wao. Kama ununuzi wa pamoja unaendelea vizuri kwa misimu kadhaa, hiyo ni hatua ya kufikiria. Musianze nayo. Anzeni na paketi moja ya bageti.

Tuliporudi pale baadaye, tulikuta kurwa mbili zimetundikwa juu ya mti mnene ukutani, mbali na jua na mafuta, kila moja na karatasi ya namba yake. Fundi alitusimulia kwamba moja ilikatika tena, siku ya soko, saa ine asubuhi. Wamama hawakuinua mabeseni. Nusu saa, na mashini ikaanza kulia.

Ndugu wasomaji, mbele ya mkutano wenu ujao, tumeni mtu mmoja ndani ya ateliye na kalamu. Aandike namba za kurwa, rulema na filtre zote. Kazi hiyo haiombi hata franga moja.