Jirani Asiye Ndugu: Kutoka Rungwe hadi Kariakoo

Hudhaniwa mara nyingi kwamba kijijini mtu huishi na ndugu zake na kwamba mjini ndiko anakojifunza kukaa na watu baki, lakini historia ya wilaya ya Rungwe, kuanzia Tukuyu hadi Suma, haiiungi mkono dhana hiyo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa maisha na mila za jamii, alifanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na katika kitabu chake *Good Company* cha 1951 alieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa: wavulana wa umri wa miaka 10 au 11 waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja, wakawa wanakula kwa mama wa huyu na wa yule, na walipooa waliendelea kukaa hapohapo. Jirani, basi, hakuwa wa damu bali wa rika, na ukwangala, yaani kustarehe na wenzako kwa maongezi, chakula na pombe, ulihesabiwa kuwa sehemu ya utu.

Mnyakyusa aliyehamia Kariakoo, Dar es Salaam, hakuwa mgeni wa ujirani wa namna hiyo. Kilichokuwa kigeni ni mchanganyiko wa makabila. Wakoloni waliitenga Kariakoo iwe makazi ya Waafrika, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiitenganisha na Uhindini, na pengine ni kinaya kwamba ubaguzi huo ndio uliowakutanisha Wazaramo, Wamanyema na watu wa bara chini ya paa moja. Nyumba ya Kiswahili ilisaidia sana: ukumbi mwembamba hupita katikati, vyumba hupangwa pande zote mbili, kila kimoja huweza kuwa na mpangaji wake, na wote hukutana uani penye jiko na choo, huku baraza ya mbele ikitazama mtaa. Soko, msikiti, fundi cherehani na klabu ya mpira vilifikika kwa miguu.

Jane Jacobs, aliyeandika mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani, alisema mtaa hai huhitaji matumizi mchanganyiko, njia fupi zinazokatana, wakazi wengi, na majengo ya zamani yenye kodi nafuu. Kariakoo ilikuwa navyo vyote, ingawa wapimaji wa mitaa yake hawakukusudia hivyo. Sharti la mwisho ndilo linalotoweka, kwani tangu biashara huria ishike kasi nyumba za Kiswahili zimebomolewa na kupisha maghorofa ya maduka na maghala, ambayo yanaongeza mapato na nafasi lakini hayana uani wala baraza, na kijana anayetoka Rungwe leo hupanga chumba Mbagala au Gongo la Mboto, kisha hupanda daladala kwenda kuuza Kariakoo.